Mangungo hakuachiwa kumbukumbu yake

Kila mkataba mkubwa wa madini au bandari unapozua mjadala nchini Tanzania, jina la Mangungo, mtawala wa Msovero, hufufuliwa. Hutajwa bungeni, hutajwa vijiweni, na mara nyingi hutajwa kama tusi, mfano wa mtu aliyesaini asichokielewa. Tusi hilo linamwonea.

Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters aliondoka Msovero, Usagara, na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Ilidai kwamba Mangungo amekikabidhi chama cha Peters cha ukoloni ardhi yake yote pamoja na haki zake zote. Katika safari ile Peters alikunywa pombe na watawala wenyeji, akawapa zawadi, na wengine akachanjana nao chale. Kwa wenyeji, undugu wa damu ulikuwa agano zito lenye mashahidi na masharti. Kwa Peters ulikuwa njia ya kufikia sahihi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Peters alidai kuzipata, na iliyotazamwa Berlin ilikuwa karatasi peke yake. Agano lililokaa vichwani mwa watu wa Usagara hakuna aliyeliuliza.

Ng'ambo ya Atlantiki, Wairoquois, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, walijilinda kwa namna nyingine. Mapatano yao waliyafuma katika mishipi ya wampum, yaani shanga nyeupe na za zambarau zilizochongwa kutokana na magamba ya kombe za baharini. Mshipi wa mkataba wa Canandaigua wa 1794, waliofunga na serikali ya George Washington, una urefu unaokaribia mita 2. Watu 13 wamesimama wameshikana mikono, mmoja kwa kila jimbo kati ya majimbo 13 ya mwanzo ya Marekani. Katikati kuna nyumba ndefu ya Wairoquois na watu wengine wawili kando yake. Wazee huutoa mshipi mbele ya watu na kuusoma kwa sauti, kizazi kimoja kikikifundisha kinachofuata. Hadi leo Marekani hupeleka vitambaa kila mwaka kwa sababu mkataba ule uliahidi bidhaa za dola 4,500, na Wairoquois hawakubali kupewa fedha badala ya kitambaa, maana kitambaa ndicho ushahidi kwamba agano lingali hai.

Shanga hazikuzuia kila dhuluma. Miaka ya 1960 bwawa la Kinzua lilizamisha ardhi ya Waseneca, mojawapo ya mataifa ya muungano wa Wairoquois, licha ya mkataba uleule. Hata hivyo Waseneca waliweza kusimama na kutaja ahadi iliyovunjwa na mwaka ilipotolewa. Watu wa Msovero hawakuachiwa hata uwezo huo.

Kwingine nchini Tanzania, huko Ndalambo, wilayani Momba, katika nchi ya Wanyamwanga, hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, ibaki upande wao, na mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga. Mwaka 1898 tume ya Waingereza na Wajerumani ikaja kupima mpaka. Mangungo angalau aliletewa karatasi. Katika mkataba wa 1890 hakuna mtawala wa Kinyamwanga aliyetia sahihi. Mpaka leo ukoo mmoja una watu Tunduma, upande wa Tanzania, na Nakonde, upande wa Zambia, na msiba wa upande mmoja huvusha waombolezaji kutoka upande wa pili.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: nani ameshika nakala, na je, anaweza kuisoma? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Ni hatua kubwa, lakini mikataba ya uwekezaji bado huandikwa kwa Kiingereza, na mwanakijiji huelezwa muhtasari tu.

Mfano mzuri uko vijijini kwenyewe. Shamba linapopimwa kwa ajili ya hati ya hakimiliki ya kimila, majirani huitwa, husimama mpakani, huonyesha mti au mfereji unaotenganisha mashamba, kisha hutia sahihi. Mwekezaji anayetaka ardhi ya kijiji apite njia hiyohiyo. Mkataba wake usomwe wote kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, maswali yaandikwe pamoja na majibu yake, na nakala ibaki ofisi ya kijiji mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuiomba. Na vitabu vya shule vinapomtaja Mangungo, viwaeleze wanafunzi lugha ya karatasi ile na maana ya chale kwa watu wa Usagara.