Kabla ya kununua tairi, soma ubavu wake

MTU akinunua maziwa dukani huigeuza pakiti aone tarehe. Akinunua dawa hufanya vivyo hivyo. Lakini mtu huyohuyo akifika kwa muuza matairi hutazama mambo mawili tu, meno na bei. Meno yakiwa marefu na bei ikiwa ya chini, biashara imekwisha. Juma hili nataka tuzungumzie jambo la tatu, ambalo aghalabu muuzaji halitaji na mnunuzi haliulizi. Jambo hilo ni umri wa tairi.

Ushauri huu unamfaa kila mwenye gari, awe Eldoret au Thika. Hata hivyo, mfano wangu nimeutoa Kinondo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, kwa sababu huko maadui wote wa tairi hukutana mahali pamoja.

Chukua familia ya Kinondo yenye gari la watu saba, mathalan Toyota Noah. Jumatatu hadi Jumamosi gari hilo halina kazi kubwa. Litawapeleka watoto shuleni, litafika sokoni Ukunda, pengine litakwenda hospitali ya Msambweni, kisha litarudi na kuegeshwa uani juani. Njia za ndani ni mchanga na mawe. Msitu wa Kaya Kinondo, ambao UNESCO iliuorodhesha pamoja na kaya nyingine za Mijikenda mwaka 2008, umeota juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe ya aina hiyo ndiyo yanayochomoza katika vijia vya huko. Mwendo ni wa kobe. Miaka inapita, gari limetembea kidogo, meno yangali marefu, na mwenyewe anajiona ana bahati.

Halafu Desemba inaingia na shule zimefungwa. Watu saba wanapanda na mizigo yao. Gari linashika lami kuelekea Likoni au Dongo Kundu, na kutoka hapo ni safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kwa jumla, katika joto la kaskazi. Tairi lililozoea kutambaa sasa linaambiwa likimbie saa nyingi likiwa limebeba uzito kamili. Hapo ndipo umri wake hujulikana.

Tairi huzeeka vipi?

Mpira wa tairi huchanganywa na mafuta na kemikali za kuukinga. Joto, mwanga wa jua na hewa huzila kinga hizo kidogo kidogo, gari liwe linatembea au limesimama. Mpira hukauka, huwa mgumu na kuanza kufanya nyufa. Nyufa za nje utaziona ukiinama na kuuchunguza ubavu. Zilizo ndani, pale mpira unaposhikana na nyuzi za chuma, huwezi kuziona. Joto la mwendo, la barabara na la uzito yakikutana, tabaka za tairi huachana na tairi hupasuka. Dereva husema limepasuka ghafla, ilhali lilikuwa likijiandaa kwa miaka.

Makampuni ya matairi, Michelin ikiwa mojawapo, hushauri kwamba tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi walau mara moja kila mwaka. Likifikisha miaka 10 tangu kuundwa liondolewe, hata kama meno yake bado ni mazuri. Miaka 10 hiyo ni kikomo, msomaji, wala si ahadi. Kwa gari linalolala juani pwani, ni busara kuanza kuweka akiba ya matairi mapya mwaka wa 6 unapoingia.

Umri huo utausoma wapi? Ubavuni, penye herufi DOT. Fuata maandishi yanayoanzia hapo mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 1419, tairi liliundwa juma la 14 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, liache hapohapo, maana hilo liliundwa kabla ya mwaka 2000. Mara nyingi tarakimu hizi huwa upande mmoja pekee, kwa hiyo usione haya kumwomba muuzaji aligeuze tairi.

Muuzaji anaweza kukuambia, "Hili ni jipya, halijawahi kukanyaga barabara." Naye huenda asiwe anadanganya. Lakini tairi lililokaa miaka 6 likiwa limepangwa nje ya duka, jua la asubuhi na la jioni ni lake, si jipya kama unavyodhani. Lililohifadhiwa kivulini huzeeka polepole zaidi, lakini nalo huzeeka.

Nambari si mapambo

Sasa tuje kwenye kipimo. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watafute kalamu. Magari mengi ya aina ya Noah hutumia tairi lililoandikwa 195/65 R15 91H. Upana ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi zake, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. H ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi linauhimili, kilomita 210 kwa saa. Nambari inayosahauliwa ni 91. Hiyo ni ya uzito, na maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi. Manne yatabeba kilo 2,460.

Tuseme muuzaji hana kipimo hicho, akuambie, "Chukua hili la 185/60 R15, rimu ni ileile, litaingia." Ni kweli litaingia. Lakini tairi hilo kwa kawaida huwa na nambari 84, yaani kilo 500. Manne ni kilo 2,000. Gari tupu lina kama kilo 1,600. Watu saba wa kilo 65 ni kilo 455. Ongeza kilo 100 za masanduku, nazi na maembe ya kuwapelekea jamaa wa Nairobi, jumla ni 2,155. Umeshapita kiasi kabla hujafika Likoni. Isitoshe, gari litashuka kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, na mawe ya matumbawe yatakukumbusha hesabu hiyo kila siku.

Kipimo sahihi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu penye nguzo ya mlango wa dereva. Kifuate hicho. Usisafirie nyota ya mwenzio kwa kuwa jirani alibandika matairi fulani na hajapata ajali.

Matairi ya theluji pwani

Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na baadhi huja na matairi ya majira ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike barabara kwenye baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya Ukunda mwezi wa Februari huisha upesi, na gari huyumba kidogo unapokata kona au kufunga breki. Meno yake ni ya kina kirefu na yanavutia macho, ndiyo sababu huwapata wengi wanaonunua matairi yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Kumbuka pia kwamba aliyelivua tairi kwenye gari lake alikuwa na sababu.

Wapo vilevile wanaochukua tairi kipara na kulichonga meno upya kwa kisu. Jiepushe nalo kabisa. Mpira unaochongwa ndio uliobaki kuzikinga nyuzi za chuma. Katikati ya meno ya tairi zima kuna vijituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakishuka yakawa sawa navyo, tairi limekwisha.

Fedha zikitosha mawili tu

Najua mfuko una mipaka yake, na karo ya shule haingoji. Si kila mzazi ataweza kununua manne kwa pamoja. Ukipata mawili, yawe ya kipimo kimoja na aina moja, na uyafunge nyuma. Najua wengi watashangaa, maana desturi yetu ni kufunga mapya mbele. Sababu yenyewe ni hii: mvua ya masika ikinyesha, tairi la mbele likiteleza dereva hulihisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, gari huzunguka lenyewe kabla hajajua la kufanya. Mazuri yakae nyuma.

Usisahau spea. Sheria yetu huruhusu kuingiza nchini gari lenye umri usiozidi miaka 8. Ikiwa lako lilifika likiwa na miaka 7 na spea ya tangu kiwandani, nawe umelitumia miaka 5, tairi unalolitegemea usiku wa manane huko Mackinnon Road lina umri wa miaka 12. Linang'aa kwa kuwa halijawahi kutumika, basi.

Jambo jingine ni upepo. Hata tairi bora huharibika upepo ukiwa mchache, kwani ubavu hupindapinda na kila kupinda huzaa joto. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ufuate kiwango kilicho kwenye kibandiko cha mlangoni. Wanaokwama mchangani hupunguza upepo ili gari litoke, na hilo si kosa. Hatari ni kuingia barabara kuu kabla ya kuurudisha.

Na yale ya zamani? Usiyatupe nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yakituama ndani yake, mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengue na chikungunya, hupata mahali pa kutagia. Mombasa ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2013, na wa chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017. Mpe fundi wa akala akashone ndara, au yatoboe upande wa chini kabla ya kupanda maua ndani yake.

Msomaji wangu, kazi ya leo haina gharama. Jioni jua likipoa, mpe mtoto tochi na daftari, mzunguke gari pamoja. Andikeni tarakimu nne za kila tairi, yote matano, la spea likiwamo. Kisha toeni mwaka huo kwenye mwaka tulio nao. Wengi wenu mtakuta umri msioutarajia. Afadhali muujue uani, watoto wakiwa wamesimama kando ya gari, kuliko kuujulia barabarani wakiwa wamo ndani.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia safari njema.