Kariakoo Ni Mtaa, Si Barabara

Nianze kwa kuungama. Mimi ni mwandishi wa habari, na sentensi hii nimeiandika mara nyingi mno: "Mtembea kwa miguu amefariki dunia baada ya kugongwa na gari alipokuwa akivuka barabara." Isome tena. Marehemu ndiye anayevuka, ndiye mwenye kosa. Gari halina dereva. Na aliyeichora barabara bila kivuko hayumo kabisa.

Lugha yetu ilishatupa maneno mawili, sisi tukayavuruga. Barabara ni ya kupita. Mtaa ni wa kuishi. Ukisema "watu wa mtaani" hakuna anayefikiria lami. Sasa nenda Mtaa wa Kongo au Mkunguni Jumamosi asubuhi, simama, hesabu. Wenye mizigo kichwani, mikokoteni, maguta, mama kamshika mwanawe mkono. Gari dogo lenye mtu mmoja ndani ndilo mgeni pale. Lakini mgeni huyo tumempa sebule nzima, wenyeji wanabanana juu ya mtaro.

Utaniambia: tatizo ni machinga, wamejaza njia. Haya. Mwaka 2021 tuliwaondoa pembezoni mwa barabara nyingi za Dar. Lakini kuondoa meza hakujengi njia ya miguu, wala hakupunguzi mwendo wa bodaboda. Kunaacha uwazi tu, na uwazi usio na ukingo utaegeshwa gari. Jane Jacobs alishaeleza mwaka 1961, akiitetea miji ya Marekani, kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu waliomo. Yule muuza karanga ni mlinzi asiyelipwa. Mchoreeni nafasi yake, msimfukuze.

Utaniambia tena: watu waelimishwe. Sawa, lakini fizikia haisomi bango. Gari la kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu mjini, lina nishati karibu mara tatu ya lile la kilomita 30. Mtoto wa miaka saba ataponyoka mkono siku moja. Mtaa mzuri ni ule unaomsamehe.

Na wala hatuombi maajabu. Matuta, vivuko vilivyoinuliwa, njia za miguu zenye ukingo: mradi wa SARSAI ulifanya hayo kwenye shule za Dar hii hii, ukapata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Kinachofaa lango la shule kinashindwaje lango la soko? Mwendo uwe 30, malori yashushe mizigo usiku, basi.

Mimi nami nitaanza na kazi yangu. Sentensi ile siiandiki tena kabla ya kuuliza: kivuko kilikuwa umbali gani, gari lilikuwa mwendo gani, na nani aliuidhinisha mchoro? Wahariri wenzangu, ulizeni nanyi.