Krimu ya bei mbaya na gunia la ufuta

MSIMU wa ufuta unapofunguliwa katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, fedha huingia vijijini kwa mkupuo. Mnada ukishapita na chama cha msingi kikishalipa wakulima, duka la Nambilanje ambalo kwa miezi mingi limekuwa likiuza chumvi, sabuni na kiberiti huanza kuulizwa mambo mengine: bati, simu, vitenge na vipodozi. Mwenye duka anayejiandaa kwenda Dar es Salaam kufunga mzigo wa msimu hana budi kujiuliza kama atenge sehemu ya mtaji wake kwa krimu za ngozi za bei mbaya, zile zinazosemekana kuvaliwa na wake za wakubwa.

Maoni ya safu hii ni kwamba asitenge hata shilingi moja. Krimu hizo haziifanyii ngozi kazi inayolingana na bei yake, na kwa duka la kijijini ni hasara inayosubiri siku yake. Anayefaidi ni yule mwenye jina lililoandikwa kwenye kopo.

Tuichukue krimu moja mashuhuri, Crème de la Mer, mali ya kampuni ya Estée Lauder ya Marekani tangu mwaka 1995. Kopo lake la mililita 30, ambalo ni dogo kuliko kikombe cha kahawa, huuzwa huko kwa karibu dola 200. Kwa hesabu ya Sh 2,500 kwa dola, hizo ni Sh 500,000 kabla ya usafiri na ushuru. Wauzaji wanasifu mwani wa baharini uliochachushwa kwa ustadi. Lakini orodha ya viungo vyake inataja pia mafuta ya madini, mafuta ya mgando ya jamii ile ile ya Vaseline, glisirini, na kitu ambacho msomaji wa Nambilanje anakifahamu vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa New York: mafuta ya ufuta.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Mbegu ya ufuta ina mafuta takriban nusu ya uzito wake. Tukadirie kwamba mashine ya kawaida inakamua asilimia 40. Kupata mililita 30 za mafuta kunahitaji gramu 70 hivi za mbegu. Kama ufuta umeuzwa mnadani kwa Sh 3,000 kwa kilo (bei hii ni ya mfano, maana mnada hupanda na kushuka), gramu hizo 70 zina thamani ya Sh 210. Yaani hata kama kopo zima lingejazwa mafuta ya ufuta matupu, na sivyo lilivyo, mkulima angepata Sh 210 katika bidhaa ya Sh 500,000. Na mkulima huyo huyo akitaka kumnunulia mkewe kopo hilo, itabidi apeleke ghalani kilo 167, zaidi ya gunia moja na nusu la kilo mia.

Fedha zilizobaki zinakwenda wapi? Hesabu za makampuni haya ziko hadharani kwa kuwa hisa zao zinauzwa sokoni. Kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa, kubwa kuliko zote katika biashara hii, iliuza bidhaa za zaidi ya Euro bilioni 41 mwaka 2023. Baada ya kutoa gharama za kutengeneza bidhaa zenyewe, ilibakiwa na karibu asilimia 74 ya mauzo. Matangazo na promosheni yalikula karibu asilimia 32. Utafiti, ambao ndio husifiwa kwenye matangazo hayo hayo, ulipata asilimia 3 tu. Mnunuzi anayedhani analipia maabara, kwa sehemu kubwa analipia picha ya mwanamke ukutani.

Watatokea watakaosema kizuri ni ghali na kwamba rahisi hugharimu. Methali hizo zina kweli yake kwa jembe na kwa baiskeli. Kwa krimu ushahidi ni dhaifu. Mwishoni mwa mwaka 2006 jarida la Consumer Reports la Marekani, ambalo halichukui matangazo, lilipima krimu za kupunguza makunyanzi. Olay Regenerist, iliyogharimu chini ya dola 60 kwa seti nzima, ilishika nafasi ya juu, na La Prairie ya zaidi ya dola 300 ikawa miongoni mwa zilizofanya vibaya. Hata zile zilizoshinda hazikuondoa makunyanzi kwa kiasi cha mtu kushangiliwa mtaani.

Kazi kubwa ya krimu yoyote ni kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Kazi hiyo mafuta ya mgando huifanya vizuri mno, na Vaseline ilipata hataza yake Marekani mwaka 1872, kwa hiyo siri imekwisha siku nyingi. Tofauti iliyobaki ni harufu, ulaini wa mguso na uzuri wa kopo. Sisemi harufu si mali. Anayenunua harufu akijua kwamba ananunua harufu hajadhulumiwa na mtu.

Ipo krimu moja ambayo thamani yake ni kubwa kuliko bei yoyote, nayo ni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, ambao bila kinga hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Pale KCMC, Moshi, imetengenezwa krimu ya namna hiyo iitwayo Kilisun, kwa msaada wa kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani, na hugawiwa bure kwa wanaoihitaji. Haina mwani wala kopo la kifahari. Kama mkulima wa ufuta ana mtoto mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na krimu hiyo ndiyo matumizi ya ngozi ya kwanza kufikiriwa katika nyumba yake.

Sasa turudi kwenye duka. Tuseme mwenye duka ana Sh 600,000 za kuweka kwenye vipodozi. Akinunua makopo 10 ya krimu ya Sh 60,000 na kuuza kila moja Sh 75,000, faida ni Sh 150,000. Akinunua makopo 300 ya mafuta ya mgando kwa Sh 2,000 na kuuza Sh 2,500, faida ni ile ile Sh 150,000. Darasani tulifundishwa kutazama faida kwa kila bidhaa, na wengi huishia hapo. Lakini mafuta ya kawaida hutoka kila siku na yanaweza kuzunguka mara tatu au nne kabla fedha za ufuta hazijaisha kijijini. Makopo kumi ya kifahari yatauza mawili kwa mwalimu na mganga, mengine yatakwenda kwa mkopo kwenye daftari, na yaliyobaki yatalala rafuni chini ya bati la moto mpaka mafuta na maji yajitenge.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi. Krimu ya kweli ya dola 200 haifiki Nambilanje. Kinachofika ni jina lake, likiwa limebandikwa kwenye kopo ambalo hakuna ajuaye lilijazwa nini. Anayenunua kwa bei mbaya mara nyingi anataka matokeo ya haraka, na matokeo ya haraka kwenye ngozi nyeusi kwa kawaida maana yake ni kuchubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki huharibu figo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS), na mwenye duka akikutwa na mkorogo rafuni hawezi kujitetea kwamba aliuziwa Kariakoo na mtu aliyevaa tai.

Kwa wale wasomaji wadogo wa hisa wanaoniuliza, je, basi tununue makampuni yenyewe? Jina ni mali, ila ni mali inayoyeyuka. Hisa ya Estée Lauder ilikuwa zaidi ya dola 350 mwanzoni mwa mwaka 2022. Aprili 2025 ilikuwa chini ya dola 60, baada ya wanunuzi wa China kupunguza mkono.

Nachingwea inajua jambo hili kwa upande wake wa pili. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliofika huko baada ya vita, ulitokana na wazo la United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, iliyokuwa ikitafuta mafuta ya mimea. Uliachwa mwaka 1951 na serikali ya Uingereza ikafuta paundi milioni 36. Unilever haikufilisika. Leo ndiyo yenye Vaseline, na pia krimu za wenye nazo kama Dermalogica na Tatcha. Mafuta yaliwashinda kuyalima, majina hayakuwashinda kuyauza.

Kwa hiyo nikiulizwa wapi Sh 600,000 ziwekwe kabla ya mnada wa kwanza wa RUNALI, nitasema: mafuta ya mgando, glisirini na sabuni, katika makopo madogo, kwa stakabadhi yenye jina la duka la jumla na bidhaa zenye alama ya TBS na tarehe ya kuisha inayosomeka. Makopo makubwa yaagizwe baada ya malipo ya kwanza kufika kwa wakulima, siyo kabla, kwa sababu malipo ya ufuta yakichelewa wiki mbili, hata mafuta ya Sh 2,500 huanza kuombwa kwa mkopo.