Kikulacho ki nguoni mwako, hata katika tarakilishi

Alfajiri ya Januari 5, 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliivamia kambi ya Manda Bay katika kaunti ya Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege kadhaa. Uchunguzi wa wakuu wa jeshi la Marekani, uliotangazwa Machi 2022, ulitaja miongoni mwa sababu kupuuzwa kwa tishio na maandalizi hafifu ya walinzi. Kwa ufupi, waliokuwamo walijiona salama kwa kuwa wamo ndani ya ua.

Funzo hilo haliwahusu askari peke yao. Ofisi na shule nyingi hulinda tarakilishi zao kwa mtindo uo huo wa ukuta mmoja: aliye nje ni adui, aliye ndani ni ndugu. Mwaka wa 2010 John Kindervag, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Forrester, alitoa rai iliyo kinyume. Asiaminiwe mtu wala kifaa kwa sababu tu kimo ndani. Kila anayeomba kuingia ahakikiwe, na akiisha kuhakikiwa apewe kile tu ambacho kazi yake yakihitaji. Agosti 2020 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa njia hiyo.

Wako watakaosema kwamba fikra hizi ni ngeni visiwani, ambako watu hujuana kwa ukoo na mtaa. Je, kumtaka mwenzako ajitambulishe kila mara si kumvunjia heshima? La hasha. Hebu tuzitazame nyumba za mawe za Lamu. Mgeni huketishwa dakani. Aliye karibu zaidi hufika kiwandani. Chumba cha ndani ni cha wenyewe. Mgeni hatukanwi kwa kuketishwa dakani, wala jirani haoni haya kupiga hodi katika nyumba aliyoijua tangu utotoni. Wazee wetu waliaminiana, na bado walijenga milango.

Sasa tuipime shule. Neno moja la siri likijulikana na mwalimu mkuu, karani na kijana wa duka la tarakilishi, orodha ya wanafunzi ikichezewa hatajulikana aliyeichezea. Mwalimu akihamishwa kutoka Faza hadi Kiunga, huondoka na ufunguo. Atakayeulizwa ni mwenye saini, hata kama hana hatia. Hivyo basi, kuhakiki humlinda mwaminifu kabla ya kumnasa mwizi.

Sheria nayo haina mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka mwenye kutunza taarifa amwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 taarifa hizo zikivuja na kuwatia wenyewe hatarini. Mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba dawa hii hutibu kila ugonjwa. Julai 2023 huduma za eCitizen zilipokwama, mfumo ulikuwa umefurikishwa maombi ya uongo hadi ukazidiwa. Kuhakiki watumiaji pekee hakuwezi kuzuia gharika kama hiyo. Tena, nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa simu haina faida pale mtandao unapopotea. Hapana budi visiwa vipewe mbinu zisizotegemea mtandao wa simu.

Lakini yako mambo yasiyongoja fedha za serikali. Kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri. Karani wa karo asifungue faili za mitihani. Anayehama afungiwe siku anayoondoka. Wakuu wa shule na waanze kwa kujiuliza: ni wangapi, leo hii, wanaolijua neno la siri la ofisi yangu?