Tunakula Mbegu ya Kesho

Wako wanaosema chikanda ni chakula cha mila, tuwaache watu wale. Nawaomba wafike mpakani Tunduma watazame magunia. Mila haikuwahi kuhitaji magunia.

Chikanda hutokana na viazi vidogo vya okidi za porini. Huchimbwa Makete, Njombe na kwingineko katika nyanda zetu za juu, vikavushwa kwenda Zambia, vikatwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, pilipili na magadi. Ni kitamu, sikatai, nimekila.

Lakini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nilipaswa kujua. Okidi hizi huwa na viazi viwili: cha mwaka huu kilichonywea, na kipya kigumu cha mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kile kigumu. Hapo hatuvuni, tunaua. Na mbegu zake, laini kama vumbi, hazioti pasipo kuvu maalumu ya udongoni. Ndiyo maana hatuzilimi kama viazi mviringo.

Wengine hujibu kwamba Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ipo tangu 2005. Kweli, lakini mipaka yake haifiki kwenye vilima vyote vyenye maua. Wengine humlaumu mchimbaji, mama mwenye watoto wa kulisha. Mimi namlaumu mlaji, nikianza na nafsi yangu. Pasipo mnunuzi, jembe hupumzika.

Tangu nilipolielewa hilo, sahani yangu haijapokea chikanda tena. Yako je, ndugu msomaji?