Ziwa Lipo Dirishani, Somo Liko Ncha ya Kaskazini

Elimu ya mabadiliko ya tabianchi, yaani mabadiliko ya muda mrefu katika wastani wa joto, mvua na upepo wa mahali, haimfai kijana wa Ujiji ikiwa inaanzia na kuishia kwenye barafu ya Ncha ya Kaskazini, na safu hii inashikilia kwamba kumfundisha hivyo ni kumdhulumu. Wiki hii, katika shule moja ya sekondari ambayo madirisha yake yanatazama Ziwa Tanganyika, somo la jiografia lilitolewa kwa namna hiyo hiyo: mwalimu aliorodhesha ubaoni athari za tabianchi, zikiwamo kuyeyuka kwa barafu na kupanda kwa usawa wa bahari, wanafunzi wakazinakili kimya kimya, ilhali bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Ndipo binti wa mchuuzi wa dagaa aliponyoosha mkono na kuuliza swali lililostahili kipindi kizima. Alisema kwamba mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za mwaloni, kwamba redioni alisikia ni tabianchi, lakini bibi yake anasema maji yaliwahi kufika hapo yeye akiwa msichana. Basi nani mkweli? Mwalimu alimjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

Jibu hilo linaudhi kwa sababu bibi yule alisema kweli. Mvua kubwa za mwaka 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa hadi kilele cha mwaka 1964, na katika miaka ya 1870 maji yalikuwa juu zaidi. Ndiyo maana mwembe wa Ujiji, ambao inasemekana mwanahabari Stanley alikutana na mvumbuzi Livingstone chini yake mwaka 1871, kumbukumbu yake leo iko mbali na ufuko. Ziwa hili hupoteza maji yake mengi kwa kugeuka mvuke, kwa kuwa mto Lukuga, unaotokea upande wa Kongo na ndio njia pekee ya maji kutoka, huchukua sehemu ndogo tu, hivyo mvua nyingi za miaka michache mfululizo hulimbikizana na kukawia kupungua.

Ongezeko la joto la dunia huongeza uzito wa mvua zenyewe, kwani hewa inayopata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo hurudi ardhini kama mvua kubwa zaidi. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilichochewa na El Nino, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, lakini ziliinyeshea dunia iliyokwisha kupata joto. Bibi na redio hawapingani hata kidogo, na binti yule angeyaelewa haya yote kwa dakika kumi, pamoja na jambo linalogusa riziki ya mama yake: maji ya juu yakizidi joto hayachanganyiki vizuri na ya kina, virutubisho hubaki chini, na dagaa hukosa chakula.

Ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo hufuatilia kina cha maji, iko Kigoma mjini. Darasa lile halijawahi kupelekwa huko, ingawa majaribio ya mtihani limeshafanya mengi.