Mazungumzo ya Nyumbani: Sahani Tuliyoisukuma



Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari ya aibu yetu, ili nanyi mpate faida. Twalikuwa safarini Marekani, katika mji wa San Antonio, na rafiki yetu Mkristo, ambaye wazee wake walitoka Meksiko, akatualika katika nyumba ya chakula ya watu wa kwao. Chakula cha namna hiyo hatukuwa tumekionja kamwe.

Tukaletewa maharagwe, nyama iliyoungwa kwa pilipili, na mikate myembamba ya mahindi iitwayo tortilla. Tukauliza jinsi ifanywavyo. Rafiki akasema, "Mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa, hulala humo usiku kucha, huoshwa hata maganda yatoke, ndipo yasagwapo."

Tuliposikia chokaa, mkono wetu ulirudi nyuma. Chokaa twaijua: ni ya kupaka kuta, na pwani huliwa katika tambuu. Tukaisukuma sahani, tukala maharagwe peke yake. Rafiki aliona, akanyamaza. Na mama aliyepika aliona.

Kisha rafiki akasema kwa upole, "Ndugu, ule ugali mliousifu jana, mahindi yake asili yake wapi? Yalianza kulimwa Meksiko, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wageni waliichukua mbegu, lakini elimu ya chokaa waliiacha."

Alisema kweli. Huko Italia, na kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi karibu peke yake walishikwa na pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huhara, akili huchafuka, na wengi walikufa. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba sababu ni upungufu wa chakula, wala si kuambukizwa. Mwaka 1937 ikajulikana kwamba vitamini iitwayo niasini huiponya. Nayo chokaa ndiyo iifunguayo vitamini hiyo katika mahindi, mwili uipate. Mama wa Meksiko walizilinda jamaa zao kwa kazi hiyo, karne nyingi kabla waganga hawajaijua sababu.

Tukaivuta sahani, tukaomba radhi, tukala. Mikate ilikuwa laini, yenye harufu njema. Yule mama akatuongezea mingine, asiseme neno.

Basi, wazazi na walimu, watoto hututazama nyuso mezani. Kuuliza si vibaya. Kudharau kabla ya kuonja ndilo kosa, maana akisukumaye chakula humsukuma na aliyekipika.